Choo kikijaa

Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hadi Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni, usafi wa mazingira tumeupima kwa kuhesabu vyoo. Kijijini hesabu hiyo ina maana: shimo likijaa hufukiwa, jingine likachimbwa pembeni. Dar es Salaam haina pembeni. Kule Manzese, Tandale au Vingunguti, kiwanja ni nyumba, choo na uchochoro wa kupita mtu mmoja. Wakazi wengi wa jiji hawajaunganishwa na bomba la majitaka, kwa hiyo afya ya mtaa mzima inategemea kinyesi kinakwenda wapi siku shimo linapojaa.

Jibu kila mpangaji analijua. Huitwa vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo na kuhamishia mzigo kwenye shimo jingine uani. Ama husubiriwa masika, choo kikatapishwa usiku, na mvua ikabeba kila kitu kuelekea Mto Msimbazi, ikipitia milangoni mwa majirani. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo ili kifike kwenye kisima kifupi, na mayai ya minyoo huweza kukaa udongoni kwa miaka. Mlipuko ulioanza jijini Agosti 2015 ulisambaa mikoani na kuendelea hadi mwaka uliofuata, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 20,000.

Wapo wasemao choo ni mali ya mwenye nyumba, basi agharamie mwenyewe. Hoja hiyo ingesimama kama madhara nayo yangebaki uani kwake. Anayetapisha kwenye mvua anaokoa fedha yake, na anayeugua ni mtoto wa nyumba iliyo bondeni. Faini nayo, ikija peke yake, humfundisha tu kungoja giza nene zaidi. Gari la kunyonya haliingii uchochoroni, na hata likifika hudai malipo ya tripu nzima kwa mkupuo mmoja, kwa kaya inayonunua hata maji kwa ndoo. Chanjo ya kipindupindu ni msaada wakati wa mlipuko, ila kinga yake hupungua baada ya miaka michache, na haizuii homa ya matumbo wala minyoo.

Hoja nzito zaidi ni ya mabomba: kwa nini tulipie ndoo na pampu badala ya kujenga mtandao kamili wa majitaka? Ujengwe. London ilianza kujenga wake baada ya uvundo wa Mto Thames mwaka 1858, na mwaka 1866 kipindupindu kikaua maelfu, wengi wao upande wa mashariki ambako kazi ilikuwa haijakamilika. Waliokufa walikuwa wanasubiri bomba. Kwetu kusubiri kutakuwa kurefu zaidi, ilhali pampu za mkono na guta za kubebea mapipa hadi vituo vidogo vya kusafisha majitaka zimekwisha kujaribiwa jijini. Zinachokosa ni ruzuku ya umma, na ruzuku hiyo ingefaa itoke Januari na Februari, kabla masika hayajampa mwenye shimo njia ya bure.