Tuzungumze Kidogo: Kuacha Sigara Si Kazi ya Siku Moja

Mwezi huu tuzungumze juu ya sigara. Sitaki kukuogopesha, na sitaki kukutukana kama unavuta. Mimi mwenyewe nilivuta karibu miaka 17. Niliacha mara mbili: mara ya kwanza nilianguka, mara ya pili nimesimama mpaka leo. Ni ile safari nataka kukueleza, kusudi kama wewe uko ndani yake, ao mume wako, ao mtoto wako, ujue njia inapita wapi.

Nilianza namna gani

Nilianza kule Manguredjipa, kwenye machimbo ya zahabu, magharibi ya Butembo. Nilikuwa kijana wa miaka 18. Siku moja tulitoka shimoni na matope mpaka magotini, baridi imetushika. Mukubwa mmoja wa kazi akaninyooshea kipande cha sigara yake: «Kamata, mudogo. Hii inaondoa baridi.» Sikulipa kitu.

Ninyi mnaokaa kwenye machimbo mnajua: sigara ya kwanza hainunuliwi, inatolewa. Mara mingi ya pili ni vilevile. Kisha siku moja unajikuta unaomba. Kisha unanunua, moja moja, kwa mama anayeuza karanga.

Kuna jambo sikulijua wakati ule. Mtu wa shimo anavuta vumbi la mawe kazini, na lile vumbi peke yake linaharibu mapafu. Ukiongeza moshi juu yake, ni kupakiza mizigo miwili kwa chukudu moja. Tena waganga wanaeleza kwamba mvutaji yuko katika hatari ya kifua kikuu mara mbili na zaidi kuliko mtu asiyevuta. Mtu anakohoa, wenzake wanasema: «Ni sigara tu.» Kumbe wakati mwingine ni kifua kikuu, na watoto wanalala naye katika chumba kimoja. Ukikohoa kupita majuma mawili, usisikilize wenzako wa shimo. Uende hospitali wakupime.

Je, sigara inatuliza roho?

Nilikuwa nasema: «Sigara inanituliza roho.» Kila mvutaji anasema hivyo. Lakini tuangalie vizuri. Ndani ya tumbako mna kitu kinachoitwa nikotini. Ukivuta, kinafika kichwani kwa sekunde 10 hivi. Kisha kinaanza kupungua; baada ya saa 2 hivi, nusu yake imekwisha kutoka katika damu. Pale ndipo roho inaanza kuhangaika, mikono inatafuta kazi, hasira inakuja karibu. Unavuta ingine, unatulia, unasema sigara imekusaidia.

Hapana! Ni sawa na mtu anayeiba viatu vyako asubuhi, na saa sita anakukodisha vile vile viatu, nawe unamwambia: «Asante sana, ndugu.» Ile mahangaiko sigara inayoondoa, mara mingi ni sigara yenyewe iliyoileta. Mimi ilinikamata miaka mingi kufahamu neno hili, na nilipolifahamu nusu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Namna nilivyoanguka

Niliacha mara ya kwanza mwanzo wa mwaka 2014. Tulikuwa tunakaa Beni. Nilipitisha miezi nane bila kuvuta, nikaanza kujisifu. Mwezi wa 10 wa mwaka ule mauaji yakaanza Beni na kandokando yake. Usiku watu hawakulala, kila kelele ilitusimamisha. Usiku mmoja jirani akatoa paketi, nami nikasema: «Moja tu, juu ya woga.»

Ndani ya juma moja nilikuwa nimerudia sigara 10 kwa siku. Na woga? Ulibaki palepale. Zamani nilikuwa na shida moja, sasa nilikuwa nazo mbili.

Simcheki mtu aliyeshika sigara katika usiku kama ule. Beni imelia sana tangu ule mwaka, na mtu mwenye woga anatafuta kitu cha kushika. Ninasema tu yale niliyoyaona: mtu akiisha kuacha, hakuna sigara inayoitwa «moja tu».

Neno la mtoto

Kisha tulihamia Butembo. Tarehe 1/8/2018 serikali ilitangaza Ebola kule Mangina, upande wa Beni. Ugonjwa ulifika Beni mjini, ukafika na Butembo, na ulitangazwa kwisha tarehe 25/6/2020. Mnakumbuka ile miaka: ndoo ya maji na klori kwenye milango, hatusalimiani kwa mkono.

Siku moja, mwanzo wa 2019, nilinawa mikono vizuri kabisa mbele ya nyumba, nikakaa, nikawasha sigara. Binti yangu wa miaka sita alikuwa ananiangalia. Akauliza: «Papa, mikono imetakata. Na ndani ya kifua, unanawa na nini?»

Sikupata jibu. Na yule mtoto ndiye aliyekuwa anakohoa usiku. Butembo iko juu milimani, baridi ni kali, tunalala madirisha yamefungwa. Mimi nilivutia mlangoni, nikifikiri moshi unaenda inje. Wapi! Moshi haujui mlango. Asiyevuta naye anavuta, kama mko nyumba moja.

Siku za kwanza

Nilichagua siku. Niliita mke na watoto, nikawaambia: «Siku kumi mnivumilie. Nikiwa mkali, si juu yenu.» Nilikwenda kwa mama wa karanga, nikamwomba: «Mama, hata nikikulilia, usiniuzishe sigara.» Alicheka sana, lakini alishika neno lake. Siku ya pili nilifika kweli kumwomba, akanipa karanga.

Siku tatu za kwanza ni mlima wenyewe. Kichwa kiliuma, usingizi ulipotea. Siku ya tatu nilipiga kelele nyumbani juu ya chumvi iliyokosekana katika mboga. Nilitoka inje, nikazunguka nyumba, nikarudi kuomba musamaha. Mke wangu akasema: «Bado siku saba.» Ndiyo hayo tu, hakuongeza neno. Alinisaidia kuliko angenihubiri.

Nilijifunza kwamba ile hamu kali haidumu. Inapanda, inakaa dakika chache, inashuka, uvute ao usivute. Basi kazi yangu haikuwa kuacha sigara kwa maisha yote. Kazi yangu ilikuwa kupitisha zile dakika. Nilikunywa maji. Nilitafuna muwa. Nilikwenda kuchota maji hata kama ndoo ilikuwa imejaa, majirani wakanishangaa.

Tena niliacha kahawa majuma mawili, ingawa hapa kwetu ni inchi ya kahawa. Kahawa na sigara walikuwa marafiki. Mmoja akija, anaita mwenzake. Hata pale watu wanakunywa kasiksi sikukaa tena kwa muda ule.

Usishangae kama mwanzoni kikohozi kinaongezeka. Kwa wengi ni mapafu yanajifagia. Lakini kikidumu, ao ukiona damu, uende kwa munganga. Baada ya juma la tatu sombe ilirudia kuwa tamu. Baada ya miezi miwili nilipanda kilima cha kwetu bila kusimama katikati. Siku ile nilijua niko mtu mwingine.

«Mimi nimechelewa»

Wamoja wanasema: «Mimi ni muzee, kuacha kutanisaidia nini?» Sikiliza. Huko Uingereza munganga Richard Doll na wenzake walianza mwaka 1951 kufuata maisha ya waganga wanaume zaidi ya 34.000. Mwaka 2004 walitoa hesabu ya miaka 50. Wale waliovuta sigara siku zote walipoteza miaka 10 hivi ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alijiponyesha karibu yote 10. Aliyeacha na miaka 40 alipata 9. Na miaka 50, alipata 6. Na miaka 60, alipata 3. Muzee, miaka mitatu ya kuona wajukuu, ni kitu kidogo?

Na wewe kijana, kamata kalamu. Sigara 10 kwa siku ni 3.650 kwa mwaka, ni kusema paketi zaidi ya 182 za sigara ishirini ishirini. Zidisha na bei ya kwenu. Kisha uangalie ada ya shule ya mudogo wako.

Neno la mwisho

Kama unataka kuacha: chagua siku, ambia watu wako, tupa kiberiti, jua saa gani na mahali gani hamu inakungojea. Ukianguka, usiseme: «Basi imekwisha.» Wengi tuliosimama tulianguka kwanza. Simama siku ile ile, usingoje mwaka mpya.

Na ninyi wa nyumba, mtu anayeacha sigara msimcheke, na msimhesabie makosa. Mhesabieni siku, kama mke wangu.

Yule binti yangu leo ni kijana. Kikohozi cha usiku kiliisha. Wakati fulani ananiuliza kama bado nina hamu. Namwambia kweli: mara moja moja, nikisikia harufu njiani, ndiyo. Kisha dakika zinapita.

Mubaki salama, mpaka mwezi ujao.