Msilaumu kijana wa saiba peke yake

Wasee wa Migori na Homa Bay, leo naomba niwatetee vijana wa saiba kidogo. Nami nimekuwa mmoja wao.

Siku ya mwisho ya kuomba basari, saiba hapa Migori, laini imefika nje. Mama ametoka Awendo kumwombea binti yake. Nyuma yake kijana ametoka Homa Bay na anaogopa kuachwa na matatu. Ili kuokoa muda, nikafungua akaunti ya binti kwa dirisha moja na ya kijana kwa lingine, brauza ile ile. Nikarudi kwa dirisha la binti. Jina lake bado liko pale juu. Nikatuma.

Risiti ikatoka na jina la kijana. Na tovuti inakubali ombi moja tu kwa kila mtu.

"Nyathina, umemfanyia mtoto wangu nini?" Sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Tovuti haikumbuki mtu. Ukiingia, seva inaipa brauza tiketi inayoitwa kuki, kitu alichobuni Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994. Kila ukibonyeza, brauza inaonyesha tiketi hiyo. Lakini madirisha yote ya brauza moja yanachota kwa mfuko mmoja. Nilipomwingiza kijana, tiketi yake ikachukua nafasi ya ile ya binti. Jina nililoona lilikuwa la ukurasa wa zamani tu.

Najua mtasema ningehudumia mmoja mmoja. Kweli, hapo nilikosea. Lakini aliyejenga tovuti angeweka alama ya mwenye akaunti ndani ya fomu. Fomu ya binti ikija na tiketi ya kijana, seva inakataa. Hiyo si kazi kubwa.

Juni 2023 serikali ilizindua huduma kama 5,000 kwenye eCitizen. Huku kwetu wengi wanazifikia kwa kompyuta ya saiba. Kwa hivyo kompyuta moja, watu wengi, ndiyo hali ya kawaida. Jengeni mkijua hivyo.

Kwa sasa, vijana wa saiba: mteja mmoja, profaili moja. Dirisha la siri linasaidia, lakini madirisha mawili ya siri nayo yana mfuko mmoja. Na wewe mteja, mwambie asifungue akaunti ya mwingine hadi yako iishe.

Yule binti alikosa basari. Bado naiona sura ya mama yake.