MASTAA NA MIKOKO YA KISHUA JUU YA TAIRI ZA THELUJI: MNATUZINGUA!

Leo siongelei nani kaachana na nani, wala nani kamuonyeshea nani vidole kwenye insta. Leo naongelea tairi. Ndiyo, tairi. Na usikimbie, maana wahusika ni wale wale mnaowafuatilia asubuhi, mchana na usiku. Majina siweki, ila wenyewe wakisoma watajijua.

Hivi mmeona siku hizi kila staa ana SUV? Prado, Harrier, Cruiser, Range. Kila wiki kuna "surprise" ya mkoko mpya, riboni nyekundu, mama mzazi analia kwa furaha, kamera nne. Sawa, hongereni, Mungu azidi kuwabariki. Lakini mimi nina ugonjwa mmoja, nikiona picha ya ndinga naikuza naangalia chini. Kuna mdada mmoja wa bongo muvi kaposti yake hivi karibuni, kapanda mguu mmoja juu ya tairi, kiatu kirefu, pozi la hatari. Komenti zaidi ya elfu, wote wanauliza kiatu kanunua wapi. Mimi nasoma ubavu wa tairi: STUDLESS. Wadau, ile ni tairi ya theluji! Dada yetu anakatiza Mikocheni na jua la Februari akiwa amevaa buti za barafu.

Ngoja nieleze maana najua kuna watu watakuja kusema "tairi ni tairi, mradi inazunguka". Hapana. Kule Japani kuna sehemu kama Hokkaido zinapata theluji miezi mingi, na watu wa kule wana seti mbili za tairi, moja ya kiangazi na moja ya baridi. Gari ikiuzwa nje mara nyingi inavalishwa ile seti ambayo mwenyewe haihitaji tena. Inapanda meli, inashuka bandarini Dar, wewe unaambiwa "gari imekuja na tairi zake original za Japani, usizitoe". Unachekelea. Kumbe mpira wake umepikwa uwe laini kwenye baridi kali, ile ambayo maji yanaganda. Wazungu wana kanuni yao ya siku zote: hali ya hewa ikizidi nyuzi 7 za sentigredi, toa tairi za baridi vaa za kiangazi. Nyuzi 7! Dar es Salaam lini imefika nyuzi 7? Sisi hata Julai tukivaa sweta ni mbwembwe tu.

Kwa maana hiyo sisi hapa tunaishi kiangazi miezi kumi na mbili. Tairi inayotufaa ni ile ya kiangazi, mpira mgumu kiasi, unaostahimili lami ya moto bila kulegea. Ile ya theluji kwenye lami yetu inakuwa kama bigijii. Ukikata kona kashata zinajikunja, gari inayumba utadhani imelewa. Ukikanyaga breki ghafla inachelewa kusimama, kukavu na kwenye maji. Na inaisha mapema kweli kweli. Halafu kumbuka SUV ni gari zito na limeenda juu, sio Vitz. Gari ya juu ikianza kuyumba haikusamehi.

Mdau mmoja kwenye posti iliyopita aliandika eti "used ya Japani inaishinda mpya ya Mchina mara kumi". Kaka, nakuheshimu, ila hiyo kauli imeua watu. Kwanza hujasema ni tairi gani ya Japani na ni ya mwaka gani. Pili, linganisha vitu vinavyolingana. Ulaya tairi mpya inauzwa na lebo kama friji, na tangu Mei 2021 lebo hiyo ina herufi A mpaka E kwa mambo mawili, ulaji wa mafuta na breki kwenye lami yenye maji, halafu na kelele pembeni. Hiyo ya maji ndiyo ya kuangalia. Gari ikiwa mwendo wa 80, tofauti ya kusimama kati ya daraja la juu kabisa na la mwisho inaweza kufika mita 18 hivi. Mita 18 ni kama daladala tatu zimepangana. Yaani mwenzako keshasimama anakutazama kwenye kioo, wewe bado unakuja.

Wajerumani wana chama chao cha wenye magari, ADAC, kila mwaka kinanunua tairi na kuzikimbiza zote kwa gari moja, njia moja, dereva wale wale. Kukavu, kwenye maji, kona, uchakavu. Tangu 2023 asilimia 70 ya maksi ni usalama, 30 ni mambo ya mazingira kama inavyolika na inavyokula mafuta. Na kinachojirudia mara nyingi ni kwamba tairi za bei chee zinaangukia kwenye breki za maji. Hapo kaka yangu una nusu ya hoja, nakupa. Lakini hakuna popote waliposema suluhisho ni kuvaa ya theluji iliyozeeka! Na kingine, si lazima uchukue ile ya bei ya juu kabisa, mara nyingi zile za kati zinakaribia sana za juu. Pia jua kuna mvutano: tairi inayodumu sana mara nyingi mpira wake ni mgumu na kwenye maji haishiki vizuri. Ukimsikia muuzaji anakwambia "hii inakaa miaka, haiishi", muulize kuhusu mvua. Mvua za masika zikishuka pale Jangwani uimara wa kashata hautakusaidia kama gari inaelea.

Sasa nije kwa kaka zetu wa bongo fleva na rimu zao.

Prado nyingi kiwandani zinavaa 265/65R17. Hiyo 65 maana yake ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana wake, kama sentimita 17. Huo ndio mto wako kwenye shimo. Msanii wetu anaona haipendezi, anatoa, anaweka rimu nyeusi inchi 22 na tairi 265/40. Ubavu unabaki sentimita 10 na kidogo. Kwenye video inapendeza, sikatai, hata mimi nililaiki. Lakini akigonga shimo lile la barabara ya mtaani kwake, rimu inabana ubavu, nyuzi za ndani zinakatika, tairi inavimba jipu. Na jipu la tairi halitibiki, likipasuka ukiwa na 120 ndo basi tena. Halafu anakwenda kwa fundi anawekewa tairi yoyote "inayoingia". Ubavuni kuna namba ya mzigo, wadau. Ile ya Prado huwa 112, yaani kila tairi inabeba kilo 1,120. Ukiweka yenye 100 inabeba kilo 800 tu. Fanya hesabu mwenyewe na watu saba ndani, spika na mabegi ya nguo za shoo. Na herufi inayofuata ni mwendo: Q mwisho 160, S 180, H 210, V 240. Hizo za theluji nyingi ni Q. Na staa wetu anaposti dashibodi inasoma 170 huku anaimba.

Kuna na wale wa upande wa pili, wanavaa tairi za kashata kubwa kama trekta, za matope, na gari haijawahi kutoka Masaki. Zina kelele, zinakula mafuta, na kwenye lami yenye maji ni janga maana mpira unaogusa barabara ni mchache. Kama safari zako ni lami tupu chukua zilizoandikwa H/T. Kama unaingia vumbi mara kwa mara, kwenu kijijini au mbugani, A/T sawa. M/T waachie wenye mashamba. Sina zaidi hapo.

Mnaosema napiga kelele za bure, someni yaliyowakuta Wamarekani. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilirudisha tairi milioni 6.5, nyingi zikiwa zimefungwa kwenye SUV ya Ford Explorer. Kashata zilikuwa zinabanduka gari likiwa kwenye mwendo, gari linapinduka. Serikali yao ilihesabu vifo 271. Na wapi ilikuwa mbaya zaidi? Majimbo ya joto, Arizona, Texas, Florida. Hata nchi za Ghuba, Ford walishaanza kubadilisha zile tairi 1999, mwaka mmoja kabla. Joto, mzigo, mwendo na upepo mdogo, hivyo vinne vikikutana tairi inajipika yenyewe kwa ndani. Ukiwa na upepo mdogo ubavu unajikunja kila mzunguko, unazalisha moto, gundi inayoshika mpira na waya inaachia. Sasa niambieni, Dar mpaka Dodoma saa saba mchana inakosa kipi kati ya hivyo vinne?

Na upepo wenyewe tunajazaje? Fundi pancha anapiga teke anasema "iko poa bosi". Fungua mlango wa dereva, pale kwenye fremu kuna stika imeandika PSI ngapi. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Bure kabisa. (Na wale mnaolipia naitrojeni kisha hampimi mwezi mzima, hewa ya kawaida tayari ina naitrojeni asilimia 78, endeleeni.)

Umri sasa. Ubavuni tafuta neno DOT, mwisho wake kuna namba nne. Ikiwa 3514 maana yake wiki ya 35 mwaka 2014. Haijalishi kashata zimejaa, mpira unazeeka hata ukikaa stoo, unakauka, unapasuka vinyufa. Mashabiki wa Paul Walker mnakumbuka Novemba 2013. Porsche ya rafiki yake, rafiki ndiye aliyeendesha. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo, kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa eneo la 72, lakini waliandika pia kwamba tairi zilikuwa na miaka tisa na zingeweza kuharibu ushikaji wa gari. Gari ya bei mbaya, ya mwendo kama ndege, tairi za miaka tisa. Hivi tulijifunza nini zaidi ya kubadilisha picha ya profaili na kuweka mshumaa?

Kinachoniuma mimi sio staa. Staa kachagua mwenyewe. Nani anakaa siti ya nyuma kwenye hiyo Cruiser? Madensa. Dogo wa kamera. Dada wa mekapu. Dj. Vijana wa miaka 20, 22, wanalipwa kwa mkupuo, hawana bima, hawana mkataba, na hawawezi kumwambia bosi "kaka tairi zako zimepara". Wanapanda saa nane usiku baada ya shoo Morogoro ili bosi awahi intavyuu asubuhi Dar. Au wanateremka Kitonga na mvua. Likitokea la kutokea, bango la rambirambi litakuwa na picha ya staa kubwa katikati, na madensa mtaambiwa "na wengine wawili". Mara ngapi tumesoma "na wengine wawili" kwenye hizi blogu zetu? Majina yao hata hatuulizi.

Najua mtakuja na "hela hamna, maisha magumu". Kwa bodaboda nitakuelewa, kwa baba mwenye Carina ya kusukuma nitakuelewa, nitakwambia tu toa zile za theluji kwanza, hata mbili mbili. Lakini usiniambie mtu aliyevaa saa ya milioni kadhaa, aliyebadilisha rangi ya gari mara mbili mwaka huu, aliyefunga taa za zambarau chini ya mlango, hana hela ya tairi nne. Hela ipo. Tairi haipigwi picha, ndo maana.

Na wewe shabiki unayelaiki nawe una kesi. Umemuona kaka kaweka inchi 22, na wewe na Harrier yako ya mkopo umekimbilia Gerezani kutafuta za mtumba zinazofanana. Zimepakwa dawa nyeusi zinang'aa kama mpya. Futa hiyo dawa, soma namba nne.

Kwa hiyo nawawekea changamoto, maana changamoto mnazipenda. Mastaa wote wenye SUV, wiki hii msiposti siti za ngozi wala dashibodi. Posti ubavu wa tairi, zile namba nne za DOT zionekane, na tairi ya spea pia. Madensa, kama bosi hataki, pigeni nyinyi wakati anaweka mafuta, mnitumie DM, jina lako sitoi. Nimeshapokea tatu tangu jana. Moja inasoma 0911.