Marumaru Tumelipa, Kibarua Bado



Leo tunaomba mtuazime masikio kwa jambo ambalo hatulitaji tukikaa kuzungumza nyumba. Tunazungumza mapazia, tunazungumza rangi ya jiko, tunatumiana picha za chumba cha bibi harusi na kitanda chake. Ila nani kabeba yale matofali, na amelipwa lini, hilo halina nafasi kwenye mazungumzo yetu. Na sisi tunaosema haya tulikuwa wa kwanza kulisahau.

Sisi ni ndugu watatu wa kike, wazaliwa wa Unguja. Wawili tunaishi Maskati, mmoja yuko Uingereza. Kwa miaka minne tumekuwa tukijenga nyumba upande wa Tunguu: chini akae mama yetu, juu akae mdogo wetu akijaaliwa kuolewa. Tulijenga kama wanavyojenga wengi walio nje. Tunatuma pesa kwa jamaa yetu anayesimamia, yeye anampa fundi mkuu, fundi mkuu anawapa vibarua. Sisi tunangoja picha kwenye simu.

Ramadhani moja, baada ya tarawehe, mama akatupigia. Akasema, "Wanangu, kuna vijana wamekuja hapa mlangoni. Wanasema wiki ya tatu hii hawajaona hata senti, na Idi ndiyo hiyo inakuja."

Kwanza tulighadhibika. Pesa si tumetuma? Tukampigia jamaa yetu kwa ukali. Naye akatujibu kwa upole, "Lakini nyinyi kila siku mnaniuliza marumaru yamefika? Nimelipa marumaru kwanza. Nikajua vibarua watangoja."

Tukarudi kusoma tulichomwandikia mwezi mzima. Kweli, tumeuliza marumaru mara kumi na kitu. Tumeuliza milango, tumeuliza taa za sebuleni. Hatukuuliza hata mara moja kama watu wamelipwa. Yeye alifuata tulichokipenda sisi.

Usiku ule tulituma pesa zote. Lakini tulipofika likizo ndipo tulipoambiwa lililobaki. Mmoja wa wale vijana, mchanganya zege, alikuwa amepanga kufunga ndoa Mfunguo Mosi. Ujira wake kwetu ulikuwa ndiyo sehemu ya mahari. Ndoa ikasogezwa mbele. Mahali fulani katika kisiwa hiki hiki palikuwa na bibi harusi anangoja, amesogezewa siku yake kwa sababu sisi tulikuwa tunangoja marumaru ya chumba cha bibi harusi wetu. Mama alitwambia neno moja tu: "Nyumba mnanijengea mimi. Msinilaze juu ya jasho la mtoto wa mtu."

Basi maoni yetu ni haya, na tunayasema wazi: anayejenga nyumba nyumbani huku yuko ng'ambo, malipo ya mfanyakazi ndiyo ya kwanza kutoka, kabla ya saruji, kabla ya nondo, kabla ya kila kitu. Kama pesa za kumlipa hazipo, kazi isimame. Tofali likingoja haliumwi na njaa.

Hili dini yetu haikulifanya dogo. Sote tunajua Mtume wetu (SAW) alivyofundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadith Qudsi iliyomo katika Sahihi Bukhari, Allah anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mpinzani wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe haki yake. Dada zangu, kesi ambayo mdai wake ni Mola, nani ataisimamia?

Na tusome tena kisa cha Nabii Musa (AS) katika Surat al-Qasas, kwa sababu kisa kile kina wanawake ndani yake. Musa aliwanyweshea maji mifugo mabinti wawili wa Madyan, akaenda kukaa kivulini, hakudai kitu. Binti mmoja akarudi, anatembea kwa haya, akamwambia baba anakuita akulipe ujira wa kutunyweshea. Yeye hakudai, wao walimfuata. Kisha binti mmoja ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Na mwisho wake ukawa ndoa, kwa masharti yaliyotajwa wazi: miaka minane ya kazi, na kama atatimiza kumi ni hiari yake. Kazi, muda na malipo vyote vimetajwa kabla ya kuanza. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mambo ya mafundi ni ya wanaume. Mwanamke alilisemea hilo zamani.

Tunajua mtatujibu. Mtasema, "Nyinyi hamuwajui mafundi. Akisikia umetoka Maskati anapandisha bei. Akipewa pesa ya mbele hapokei tena simu. Mifuko ya saruji inapungua usiku." Hayo yapo, hatuyakatai, na sisi yametupata. Lakini tuyatenganishe. Aliyekula pesa ya mbele mara nyingi ni mtu mmoja, naye alikuwa na makubaliano na wewe. Kijana anayebeba maji na kuchanganya zege hakukubaliana na wewe lolote ila kutwa yake. Kumzuilia huyu ujira kwa kosa la yule ni dhulma, hata kama tumeudhika kwa haki.

Na hili la bei ya mgeni, tujiangalie vizuri. Saruji ikipanda tunanung'unika kidogo na tunatuma. Nondo ikipanda tunatuma. Fundi akisema maisha yamepanda, unga na nauli vimepanda, hapo tunaona anatuibia. Sisi tunaopokea riali ya Omani, ambayo moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, tunakaa usiku kubishana shilingi elfu mbili na mtu anayepanda daladala kutoka shamba alfajiri. Kama bei ni kubwa, sema mwanzo, ulizia kwa mafundi watatu, chagua mmoja. Ila ukishakubali, umekubali. Kupunguza mwishoni, kazi imekwisha na mtu hana la kufanya, huko ndiko kupunja. Surat al-Mutaffifin imewaonya wanaopokea kipimo kamili na wakipima kuwapa wenzao wanapunguza. Na jasho nalo lina kipimo.

Tunaoishi Oman tuna hoja ya ziada ya kuona haya. Kule tunaona kwa macho yetu. Kuanzia Juni mpaka Agosti, kazi za nje juani zinasimama saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, ni amri ya serikali. Mishahara inatakiwa ipite benki ili ionekane imelipwa. Wetu ukichelewa siku tatu tunalalamika kwa kila mtu. Halafu tukifika Unguja tunauliza kwa nini fundi amekaa chini ya mwembe saa saba!

Sasa, tufanyeje? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na walisema pia mali bila daftari hupotea bila habari. Haya ndiyo tunayoyafanya sisi tangu siku ile, na yametufaa.

Kwanza, tumetenganisha mafungu mawili. Vifaa vina fungu lake na watu wana fungu lao. Fungu la watu haliguswi kwa marumaru wala kwa rangi.

Pili, tunaandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi na sisi na fundi mkuu tumeandika karatasi kwa Kiswahili chepesi: msingi kiasi gani, kuta mpaka linta kiasi gani, paa, plasta, sakafu. Kila hatua ikikamilika na kukaguliwa, analipwa hatua hiyo. Sheha wa shehia yetu anaijua karatasi hiyo, na fundi ana nakala yake.

Tatu, wa kutwa hawangoji hatua. Hao wanalipwa kila wiki, Alhamisi jioni, ili Ijumaa mtu awe na kitu nyumbani. Tuna orodha ya majina na siku walizofanya kazi, na kila mmoja anapokea mwenyewe kwa pesa za simu. Asiye na simu anapokea mkononi mbele ya mama, anatia saini. Sasa jamaa yetu anapotuma picha, ya kwanza ni ya orodha, ya pili ndiyo ya ukuta.

Nne, mtu akiumia kazini kwetu, matibabu ni juu yetu. Tusingoje msiba ndiyo tukumbuke kwamba ujenzi unaua. Sote tunakumbuka Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka pale Forodhani huku ikifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Lile ni jengo la Sultani Barghash, dunia nzima ililiona. Kijana akianguka kwenye jukwaa la miti huko Tunguu, nani atamwona kama si mwenye nyumba?

Tano, tusichanganye ihsani na haki. Sadaka ya Idi, kanga kwa mke wa fundi, mchele wa futari, yote ni mazuri na yana thawabu zake. Lakini hayafuti deni. Wala Zaka haihesabiwi kuwa ujira. Zaka ina wenyewe, na ujira ni deni la mtu aliyekwisha fanya kazi. Dawa ya deni ni kulipa.

Na kama kuna uliyemkosa zamani, mtafute. Katika hesabu zetu alibaki mmoja aliyeondoka bila kulipwa siku sita, tukaambiwa amerudi kwao Pemba. Wako waliotwambia tuache, mwenyewe hakudai. Tukakumbuka Hadithi ya watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni. Mmoja wao alikuwa na ujira wa kibarua aliyeondoka bila kuuchukua. Akautia kwenye mali ukazaa, na mwenyewe aliporudi akampa wote, mifugo na kila kitu, na kwa amali ile wakaomba jiwe lisogee. Sisi hatukuzalisha chochote, tulikuwa na deni tu. Ilituchukua miezi miwili kumpata, kwa kupitia fundi mkuu na jamaa zake. Alipopokea alituandikia "shukran", na sisi tuliona aibu kushukuriwa.

Bibi harusi unayesoma haya, wewe tuna neno na wewe mahsusi. Ukionyeshwa nyumba utakayoingia, uliza. Si vibaya na wala si utovu wa adabu. Muulize mchumba wako, au muulize somo wako akuulizie: mafundi wamemalizwa haki zao? Akijibu ndiyo kwa furaha, umepata mume anayejua haki za watu, na wewe haki zako atazijua. Akikasirika kwa swali hilo, umejifunza kitu kabla ya nikaha. Na kama nyumba haijesha, afadhali uingie yenye sakafu ya saruji tupu iliyolipiwa kuliko yenye marumaru ya watu wanaodai.

Mdogo wetu aliolewa mwaka jana, alhamdulillah. Ngazi ya juu ilikuwa haijapakwa rangi, na baadhi ya wageni waliisema ile ngazi. Yeye alisema rangi itakuja. Yule kijana wa zege tulimwalika, akaja na mkewe. Walikaa na mama muda mrefu, wakala biriani, na mama hakututafsiria walichozungumza.

Tunamwomba Allah azijaalie nyumba zetu ziwe na sakina na baraka, atusamehe tuliyoyafanya kwa kughafilika, na asimfanye mtu yeyote kuwa mdai wetu Siku ya Kiyama. Amin. Na wewe dada, kama una fundi unayemdai kazi, mdai. Kama una fundi anayekudai pesa, usingoje mwisho wa mwezi. Simu iko mkononi mwako.

Wabillahi tawfiq.