Nauli ni ya meli, kushuka ni juu yako

Leo naomba tuongelee vifurushi. Hapana, si vile vya simu ambavyo unajiunga asubuhi, kufika saa nane mchana unaambiwa salio halitoshi. Vya simu tulishavipigia kelele sana, hadi ile tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya zilipoanza na Serikali ikalazimika kuzisitisha. Leo naongelea vifurushi vya melini.

Aliyenichokoza ni rafiki yangu niliyesoma naye hapa Kigoma, ambaye siku hizi anahudumia wageni kwenye mojawapo ya yale maghorofa yanayoelea huko Karibiani. Anasema abiria wanaomsumbua zaidi si wale wanaotapika kwa mawimbi. Ni wale waliopanda wakidhani wamelipia kitu fulani, wakafika mezani wakaambiwa kifurushi chao kimebadilika. Maana kule ukishalipa nauli ndiyo kwanza umeanza. Kuna kifurushi cha vinywaji, cha intaneti, cha migahawa ya pembeni, cha matembezi nchi kavu, na juu ya hayo bahashishi ya wahudumu inahesabiwa kila siku. Kampuni ya Carnival ina kifurushi cha pombe kinaitwa Cheers: kikomo chake ni vinywaji 15 vyenye kilevi kwa saa 24, na ukikinunua wewe, watu wazima wenzako wa chumba hicho nao lazima wanunue. (Hebu fikiria mzee mpenda bia aliyesafiri na mkewe mlokole.) Wenzao wa Norwegian kwa miaka walikuwa na ofa ya Free at Sea, yaani bure baharini, huku mteja akilipia tozo ya huduma juu ya hiyo hiyo bure. Mwaka 2025 wakaibadilisha, ikaitwa More at Sea. Angalau kwa wakati huo neno bure waliliondoa.

Nilicheka sana. Halafu nikaikumbuka Liemba, nikaacha kucheka.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika huku kwetu mwisho wa reli, Liemba ndiyo meli yetu. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta hadi Dar es Salaam, kisha reli hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe ili Waingereza wasiikute. Waingereza wakaiopoa na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Historia hii utaipata popote, na watalii wanaipenda kweli kweli. Mimi kinachonihusu leo ni tiketi.

Nilisafiri nayo mwaka 2014, nikiwa mwanafunzi, kutoka Kigoma kwenda Kipili kwa mjomba. Ilikuwa inaondoka Jumatano jioni, inatembea ziwa zima kwenda kusini hadi Mpulungu, Zambia, inafika Ijumaa. Daraja la kwanza chumba cha vitanda viwili na dirisha. Daraja la pili vitanda vinne na joto. Daraja la tatu ni kukaa, na ukikosa pa kukaa unatafuta sehemu juu ya sitaha kati ya magunia na mananasi. Mimi nilikuwa la tatu, bila shaka. Chakula hakikuwemo kwenye nauli, unanunua mgahawani: wali, ugali, kuku, samaki. Wageni wa nje walikuwa na nauli yao kwa dola, sisi kwa shilingi. Hayo yote nilikuwa nayajua kabla ya kupanda, kwa hiyo sikuwa na ugomvi na mtu. Mama alinifungia chapati.

Ambalo sikulijua ni hili: tiketi ya Kipili ilikuwa inakufikisha Kipili, lakini haikufikishi nchi kavu.

Miaka ile, ukiondoa Kigoma, Kasanga na Mpulungu, meli haikuwa na mahali pa kufunga. Inasimama katikati ya maji, inapiga honi, na kutoka gizani inatokea mitumbwi na boti za mbao zikigombania ubavu wa meli kama vifaranga kwa mama yao. Unashukia huko. Na huko ndiko kuna bei nyingine, haipo kwenye tiketi, haijabandikwa popote, inapangwa na kijana aliyeshika kamba kwa kukuangalia usoni. Mwanafunzi mwenye begi moja bei yake. Mama mwenye madumu ya mawese bei yake. Mzungu mwenye begi la mgongoni, wee acha tu.

Jirani yangu kwenye sitaha alikuwa mama mmoja kutoka Ujiji, mfanyabiashara wa mawese, aliyekuwa anakwenda kuuza na kurudi na mchele. Usiku kucha alikuwa ananipa hesabu zake bila hata kuandika: nauli yangu, nauli ya mzigo, makuli wa kupakia Kigoma, makuli wa kushusha, mtumbwi, halafu mtu wa kubeba kutoka ufukweni hadi kwa mteja. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo nauli unayoiona pale dirishani ni ya kukuingiza tu. Kutoka ni biashara nyingine." Tulipofika Kipili ule usiku, yule kijana wa kamba alimtajia bei, mama akakataa, kijana akaliachia dumu juu ya ukingo huku meli ikipiga honi ya kuondoka. Angefanya nini? Akalipa.

Sasa hapo nani mkosaji? Mtumbwi haukuwa wa meli, mwenye meli hakuchukua hata senti. Lakini huduma yenyewe, yaani kumtoa abiria melini hadi ardhini, ni sehemu ya safari au ni nyongeza? Mimi nasema ni sehemu ya safari. Hakuna mtu anayekata tiketi ya Kipili ili aione Kipili kwa mbali. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipojaa pale Kagunga, Liemba hiyo hiyo ilitumwa kuwachukua, mamia kwa safari moja, na walifikishwa kwenye meli kwa boti ndogo. Hakuna aliyewaambia wakimbizi kwamba boti ndogo ni kifurushi kingine. Kumbe ikitakiwa, safari inaweza kuhesabiwa yote kwa pamoja.

Na msidhani haya ni ya leo. Stanley alipokuwa anakuja Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alipita Uha, na kila aliposimama alidaiwa hongo ya vitambaa. Alilipa kwa mtawala mmoja akidhani amemaliza, akaambiwa mbele wapo wengine wanasubiri. Mwishowe akatoroka usiku na msafara wake kupitia porini. Yule mama wa mawese hakuwa na pori la kutorokea.

Nirudi kwenye hoja. Ninachokililia si bei kupanda. Mafuta yanapanda, vipuri vinapanda, meli ya miaka zaidi ya mia haijiendeshi kwa dua. Wala sina chuki na vya ziada. Kuna kaka mmoja wa biashara ya hoteli hapa mjini tulibishana naye hadi chai ikapoa, na kuna jambo alinishinda: alisema nauli ya chini inabaki chini kwa sababu kuna watu wanalipia vya juu. Sawa kabisa. Mtalii anayetaka kulala kwenye chumba chenye kiyoyozi, anywe kitu cha baridi akiangalia jua linazama upande wa Kongo, ashushwe Lagosa kwenda kuwaona sokwe wa Mahale, muuzieni kifurushi! Muuzieni kwa bei nzuri! (Na iandikwe kwa shilingi tafadhali, maana tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu nchini, ukiacha maeneo machache.) Kama pesa ya huyo mtalii itapunguza nauli ya mama wa mawese, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Tatizo linaanza pale kitu kilichokuwa ndani ya nauli kinapotolewa nje kimya kimya, kikapewa jina na bei. Rafiki yangu wa Karibiani ananiambia ndivyo inavyokwenda: leo kahawa, kesho chakula cha chumbani usiku. Nauli haijapanda hata senti, tangazo linapendeza, ila umepunguziwa. Na mabadiliko ya namna hiyo ndiyo magumu kuyapinga, kwa sababu ukiuliza unaonyeshwa bei ile ile ya mwaka jana.

Angalieni mabasi. Nauli mpya za LATRA zilipoanza Desemba 2023, daraja la kawaida kwenye lami lilitoka shilingi 41.29 kwa kilometa kwenda 48.47, na daraja la kati kutoka 56.88 kwenda 67.84. Tulinung'unika, ndiyo. Lakini unaweza kukaa na kalamu ukazidisha kilometa za Kigoma hadi Tabora ukajua unaibiwa au huibiwi, na basi la daraja la kati lina sifa zake zinazojulikana. Ziwani? Nenda ufukweni ukaulize daraja la tatu maana yake nini. Ni kiti au ni nafasi ya kusimama? Mzigo kilo ngapi? Maji ya kunywa yapo? Utapata majibu matano kwa watu wanne.

Nimeandika haya sasa kwa sababu Liemba iko kwenye awamu nyingine ya maisha yake. Ilisimama mwaka 2018, na mwaka 2023 ukasainiwa mkataba wa kuikarabati wa takriban shilingi bilioni 32. Huku nyuma magati yamejengwa. Karema peke yake bandari mpya ilikamilika mwaka 2022 kwa karibu shilingi bilioni 48, na Kabwe nako kuna gati. Maana yake ile biashara ya kamba na giza imepungua sababu, na hilo ni jambo kubwa kuliko watu wa mijini wanavyodhani. Lakini nauli na madaraja ya awamu mpya ndiyo nafasi ya kuandika vizuri kilichomo. Mimi ningependa nyuma ya tiketi ya daraja la tatu pawe na maneno machache tu, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi yangu anaweza kuzisoma: umelipia sehemu ya kukaa, mzigo wa kilo hizi, maji, jaketi la kujiokolea, na kufikishwa nchi kavu. Vingine vyote bei yake ipo ukutani pale unapokatia tiketi, isiyobadilika hadi urudi.

Hapo kwenye jaketi sijaandika kwa bahati mbaya.

Miezi michache iliyopita nilipanda boti ya mbao pale Kibirizi kwenda Mwamgongo, kule kaskazini baada ya Gombe. Nauli tulikubaliana, nikalipa, nikakaa juu ya gunia. Ziwa halikuwa tulivu. Kabla hatujasukumwa, kijana wa boti akapita katikati yetu amekumbatia majaketi, rangi ya chungwa iliyopauka, anauliza nani anataka. Nikanyoosha mkono. "Elfu mbili, kaka." Nikadhani anatania. Akaniambia nauli ni nauli, jaketi ni jaketi, anayejua kuogelea ya nini amlipie asiyejua?

Wadau, tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara, Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilichotengenezwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu kabisa na gati, wakafa zaidi ya 220. Karibu kabisa na gati! Mimi nilizisoma habari zile zote, nikiwa na ndoto za uandishi. Na bado pale Kibirizi sikubisha, sikuuliza jina la mtu, sikutoa hata daftari. Nilitoa elfu mbili nikavaa. Pembeni yangu kulikuwa na dada mwenye mtoto mgongoni, ameangalia lile jaketi, akaangalia pembeni. Sikumpa. Ningependa kuwaambia nilimpa, lakini sikumpa, na safari nzima nilikuwa naangalia milima ya Gombe kama mtu mwenye shughuli nayo.

Tuliposhuka nilimfuata yule kijana. Nikamuuliza anayo majaketi mangapi kwenye boti.

"Kumi na mbili."

Tulikuwa tumepanda watu zaidi ya arobaini. Nikamuuliza, je, sote tungekuwa na elfu mbili?

Akacheka. "Haijawahi kutokea, kaka," akasema, akaenda kufunga kamba.