Tarehe Moja, Siku Mbili: Shakespeare, Cervantes na Somo la Kalenda

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina nafasi yake barazani, lakini mwanafasihi akiifanya kanuni ya utafiti itamponza. Mfano mzuri ni dai linalorudiwa kila ufikapo mwezi wa Aprili, kwamba William Shakespeare wa Uingereza na Miguel de Cervantes wa Uhispania, mafahali wawili wa fasihi ya Ulaya, waliaga dunia siku moja, tarehe 23 Aprili 1616. Wapo wanaomwongeza wa tatu, Inca Garcilaso de la Vega, mwanahistoria aliyezaliwa Cuzco nchini Peru na kufia Uhispania mwaka uo huo. Dai hili hunogesha hotuba na kupamba mabango. Kasoro yake ni moja tu: kwa upande wa Shakespeare na Cervantes, si kweli.

Yafaa kuanza na Cervantes. Mnamo tarehe 19 Aprili 1616, akiwa mgonjwa mahututi mjini Madrid, aliandika tabaruku ya riwaya yake ya mwisho, ambayo ilichapishwa mwaka uliofuata. Wataalamu wengi leo wanakubaliana kwamba alikata roho tarehe 22 Aprili na kuzikwa kesho yake. Kitabu cha kumbukumbu cha parokia kilisajili tarehe 23, na vizazi vilivyofuata vikaichukua siku ya mazishi kuwa siku ya mauti. Kosa la kwanza, basi, lilitokana na kutouliza swali jepesi: tarehe hii ni ya tukio gani?

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kitabu cha kanisa la Holy Trinity mjini Stratford-upon-Avon kinaonyesha kuwa Shakespeare alizikwa tarehe 25 Aprili 1616, nao mnara wa ukumbusho uliomo kanisani humo unataja tarehe 23 kuwa siku aliyofariki. Hapana sababu ya kuupinga ushahidi huo. Swali ni je, tarehe 23 ya kalenda ipi?

Hadi karne ya 16, Ulaya ya Magharibi ilifuata kalenda iliyowekwa na Juliasi Kaizari, mtawala wa Roma. Kalenda hiyo iliukadiria mwaka kuwa na siku 365 na robo, kadirio linalouzidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Dakika hizo ni chache, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kila baada ya miaka 128 hivi huwa zimetimia siku nzima, na kufikia karne ya 16 hesabu ya sikukuu ya Pasaka ilikuwa imevurugika. Papa Gregori wa Kumi na Tatu aliamuru marekebisho. Huko Uhispania, Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15 Oktoba. Siku kumi zikarukwa. Uingereza, iliyokuwa imejitenga na Kanisa la Roma, haikukubali kupangiwa siku na Papa. Iliendelea na kalenda kongwe hadi mwaka wa 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14.

Kwa hiyo, mwaka wa 1616 nchi hizo mbili zilitengana kwa siku kumi. Cervantes alipozikwa tarehe 23 Aprili, Madrid ilikuwa katika siku ya Jumamosi. Shakespeare alipofariki tarehe 23 Aprili, Stratford ilikuwa katika siku ya Jumanne, ambayo kwa kalenda ya Madrid ilikuwa tarehe 3 Mei. Wakati Cervantes anafumba macho, Shakespeare alikuwa na siku kumi na moja zaidi za kuishi. Kinachowaunganisha ni tarakimu zilizoandikwa katika kitabu cha parokia na kwenye mnara wa ukumbusho, wala si siku moja chini ya jua.

Huenda mtu akauliza, kuna hasara gani? Mwaka wa 1995 UNESCO iliteua tarehe 23 Aprili kuwa Siku ya Kimataifa ya Kitabu na Haki za Mwandishi, nao watu wa Katalunya walikuwa wakiadhimisha siku ya vitabu tarehe hiyo tangu mwaka wa 1930. Mamilioni ya watoto hufunguliwa vitabu kwa kisingizio cha siku hiyo. Je, yafaa kuwaharibia sherehe kwa ajili ya hesabu za Papa na Kaizari?

Hoja hii ina uzito. Siku ya maadhimisho ni makubaliano ya watu, na makubaliano hayahitaji ithibati ya nyota. Hata Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021, iliwekwa tarehe 7 Julai kwa uamuzi wa watu. Hakuna anayedai kwamba Kiswahili kilizaliwa siku hiyo. Lakini kuichagua siku ni jambo moja, na kuigeuza kuwa ushahidi ni jambo jingine. Sherehe inaweza kusimama bila ngano ya vifo pacha, ilhali taaluma haiwezi kusimama juu ya ngano hiyo.

Isitoshe, mtu akitafuta sadfa za aina hii hatazikosa. Mshairi William Wordsworth alifariki tarehe 23 Aprili 1850, na mshairi Rupert Brooke tarehe 23 Aprili 1915. Mwaka una siku 365 tu, nao waandishi mashuhuri waliofariki ni wengi mno. Ni lazima wengine wagongane. La kuchekesha ni kwamba, kufikia wakati wa washairi hao wawili, Uingereza ilikuwa imekwisha kuibadili kalenda, hivyo tarehe 23 yao si ile ya Shakespeare.

Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu yasiyomhusu. Hapana fasihi inayodai uangalifu wa kalenda kuliko fasihi ya Waswahili. Tungo kongwe za pwani zilinakiliwa kwa hati za Kiarabu na kuwekewa tarehe za Hijria, ambayo huufuata mwezi, na mwaka wake ni mfupi kuliko ule wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Vitabu vingi vya kiada husema kwamba muswada wa Utendi wa Tambuka ni wa 1728 na kwamba Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka wa 1858. Tarehe za asili ni 1141 na 1275 za Hijria. Mwaka wa 1141 ulianza Agosti 1728 na kumalizika Julai 1729, nao wa 1275 ulianza Agosti 1858 na kumalizika Julai 1859. Anayeandika mwaka mmoja tu wa Miladia amekata kauli pale ambapo mwaka wa Hijria pekee haumpi ruhusa ya kuikata.

Kuna na suala la mpaka wa siku. Katika hesabu ya jadi ya pwani, siku mpya huanza jua linapotua, si saa sita za usiku. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Mshairi aliyefariki baada ya sala ya magharibi ya Alhamisi, jamaa zake watasema kwamba alikufa usiku wa Ijumaa, na mtafiti asiyejua mila hiyo ataandika tarehe ya siku isiyo yake. Kosa la Madrid linaweza kurudiwa Lamu au Mombasa bila yeyote kugutuka.

Hata hivyo, kuikanusha sadfa si kuwatenganisha Shakespeare na Cervantes. Waliunganishwa na jambo zito zaidi, nalo ni tafsiri. Sehemu ya kwanza ya riwaya ya Cervantes, Don Quixote, ilitolewa kwa Kiingereza mwaka wa 1612 na Thomas Shelton. Mwaka uliofuata, kampuni ya waigizaji ya Shakespeare ilionyesha London tamthilia iliyoitwa Cardenio, jina la mhusika katika riwaya hiyo. Tamthilia yenyewe imepotea, na baadaye ilinasibishwa na Shakespeare pamoja na John Fletcher. Ikiwa nasaba hiyo ni sahihi, basi Mwingereza huyo alimsoma Mhispania na kujibu kwa kalamu, wote wawili wakiwa hai.

Kwa njia iyo hiyo Shakespeare aliwafikia Waswahili. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Juliasi Kaizari mwaka wa 1963, akairekebisha mwaka wa 1969, mwaka uliotoa pia Mabepari wa Venisi. Kaizari huyo ndiye aliyeweka kalenda ambayo kifo cha Shakespeare kiliandikwa kwayo. Uhusiano wa fasihi mbili umo katika kazi ya aina hii, ya mtu kuketi na maneno ya mwenzake hadi yakubali kusema kwa lugha nyingine. Hauhitaji kupambwa kwa tarehe.

Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri, basi, kuzihoji tarehe kabla ya kuzinakili. Je, ni ya kifo au ya mazishi? Ni ya Hijria au ya Miladia? Siku hiyo ilianza machweo au saa sita za usiku? Nani aliyeiandika kwanza? Tasnifu inayonukuu mwaka kutoka kitabu kilichonukuu kitabu kingine haijathibitisha lolote. Wazee wenye kumbukumbu za malenga wa pwani wanapungua, nayo miswada iliyomo masandukuni inaliwa na mchwa. Asiyeuliza leo ataachiwa tarakimu tupu, azishangilie kama wanaoshangilia vifo pacha vya Aprili.