Ampea 30 au 50?
Wenzetu walioko Marekani wakikodi gari-nyumba kwenda kambini hukagua kitanda na jiko. Waya wa umeme wanaukumbuka giza limeshaingia. Kambi nyingi huko zina soketi za ampea 30 au 50. Ya 30, yenye matundu matatu, hutoa wati 3,600 kwa volti 120: washa kiyoyozi na maikrowevu kwa pamoja uone umeme unavyoweza kukatika! Ya 50 ina matundu manne, nyaya mbili za moto, na hufika wati 12,000. Plagi isipolingana na soketi, adapta hukuunganisha tu, haiongezi umeme. Waya wa kurefusha wa ampea 30 uwe geji 10. Namba ya geji ikipanda, shaba inakonda. Ule mwembamba wa bustanini uache nyumbani, plagi yake huweza kuyeyuka.